Makala yako imewekewa alama ya kufutwa? Soma hapa kwanza

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipitia Mabadiliko ya Karibuni, yaani ukurasa unaoorodhesha kila hariri mpya, katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Wahariri wapya huniuliza swali lile lile: “Mbona mmefuta makala yangu, na mtu huyu anajulikana wilaya nzima?”

Neno “umaarufu”, kigezo chetu cha kukubali makala, ndilo linalotuchanganya. Mtaani, maarufu ni yule ambaye kila mtu anamjua kwa sura. Katika kamusi elezo kama Wikipedia tunauliza: je, watu wasio na uhusiano naye wameandika habari zake kwa kina, mahali panapoaminika? Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alitunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, na alipofariki mwaka 2013 magazeti ya ndani na ya nje yalimwandika. Msanii chipukizi mwenye wafuasi laki moja, ambaye kila habari yake imetoka kwake au kwa meneja wake, bado hatuna pa kuhakikisha hata tarehe yake ya kuzaliwa.

Kipimo hiki kinaniuma. Manju wa ngoma anayeheshimiwa tarafa nzima hukosa nafasi kwa kuwa hakuna aliyemwandika. Hata hivyo tukilegeza, matangazo yatajaa na msomaji hatatuamini tena. Kwa hiyo nashauri: anza na ngoma yenyewe, ikiwa imeandikwa vitabuni. Siku mwandishi wa habari au mtafiti atakapomfikia mzee huyo, chanzo kitapatikana.

Ukikuta alama ya kufuta, usiiondoe kimyakimya. Fungua ukurasa wa Majadiliano, toa hoja, weka vyanzo, kisha tia sahihi kwa ~~~~. Jina lako na saa vitajitokeza vyenyewe. Jadili sentensi, mwache mwandishi wake. Mkishafutiana mabadiliko mara mbili, acheni kuhariri, mzungumze. Na tafadhali usibandike tafsiri ya mashine bila kuipitia: ngeli huvurugika, na kuisafisha huchukua muda mrefu kuliko kuandika upya.

Nasi wahariri wenyeji tuna deni. Niliwahi kufuta makala ya binti mmoja dakika chache baada ya yeye kuihifadhi, bila kumwandikia hata neno. Hakurudi tena. Siku hizi, kabla sijafuta, naandika kwanza kwenye ukurasa wa mwandishi: “Karibu sana. Hapa chanzo kinakosekana, tukitafute pamoja?”