Kadi ya visanduku tisa

Mwaka wa kwanza wa mchezo wetu wa kusoma tulibandika mlangoni mwa maktaba tangazo lenye maneno makubwa: CHANGAMOTO YA KUSOMA. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria pale nje akalisoma, akavua helmeti, akaja mpaka kaunta.

"Dada, samahani. Mna changamoto gani ya kusoma? Ni umeme?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Dar es Salaam changamoto ni shida. Maji ni changamoto, foleni ni changamoto, baba mwenye nyumba ni changamoto. Nikalibandua siku hiyohiyo.

Neno la pili lilinichukua muda zaidi kuliona. Hapa mjini kusoma ni shule. Mwite mtu mzima aje asome, atakwambia yeye alishamaliza kusoma, na mwingine atakutajia na mwaka. Tuna Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed tangu 1967, lakini wengi ninaowauliza waliikanyaga mara ya mwisho wakijiandaa na mtihani. Na kwangu, kwenye maktaba ndogo ya mtaani, wanaojaza viti ni wanafunzi wanaokuja na madaftari yao kujisomea, maana nyumbani kuna redio na wadogo zao, na huku kuna meza, feni na ukimya. Rafu wanazipita kama mtu anavyopita ukuta.

Basi siku hizi tunauita mchezo wa kadi, yakaisha. Unapewa kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja, imechorwa visanduku tisa, vitatu kwa vitatu. Kila kisanduku kimeandikwa aina moja ya kitabu. Ukisoma cha aina hiyo ukakirudisha, unapigiwa mhuri. Muda ni miezi mitatu.

Wenzetu wakutubi wakisikia hivyo hudhani nahesabu vitabu. Michezo ya kuhesabu ipo, na ina kazi yake. Uingereza maktaba za umma zinaendesha mchezo wa watoto kila kiangazi tangu 1999, mtoto akihimizwa kusoma, kwa kawaida vitabu sita, katika likizo ile ndefu ili asisahau kusoma shule ikiwa imefungwa. Shida yangu ilikuwa nyingine. Wasomaji wachache niliokuwa nao walikuwa wanasoma kweli, ila kila mmoja alikuwa na kona yake hatoki. Mama mmoja wa hapa jirani alikuwa amemaliza riwaya zetu zote za mapenzi na ameanza kuzirudia. Huyo ukimwambia asome sita, atasoma sita za mapenzi, na ni halali yake. Mimi nilitaka ageuze shingo aone rafu ya nyuma yake.

Kumbe rafu yenyewe ilikuwa inamficha. Maktaba nyingi, yetu ikiwemo, zinapanga vitabu kwa namba za Melvil Dewey, Mmarekani aliyezitoa mwaka 1876. Fasihi yote ya Kiswahili imepewa 896.392. Tarakimu inayofuata ndiyo inayotenganisha: 1 ni ushairi, 2 ni tamthilia, 3 ni riwaya na hadithi. Umeona? Bahari nzima ya utunzi wetu, tofauti yake ni tarakimu moja ya saba, imechapwa kwa wino hafifu kwenye kibandiko cha mgongoni. Na ukishaingia kwenye 3, upelelezi, mapenzi na hadithi za vita vimechanganywa pamoja, vinafuatana kwa jina la mwandishi tu. Mtu aliyekuja kutafuta upelelezi anasimama pale shingo upande, anachoka, anaondoka.

Kwa hiyo kabla ya kadi ilibidi nishughulikie migongo. Nilinunua utepe wa rangi stesheneri, tukakaa jioni nne tukibandika: mwekundu upelelezi, kijani ushairi, bluu tamthilia, na kuendelea. Ukiniambia nichague kati ya kadi na utepe, nabaki na utepe. Nusu ya kazi unayodhani imefanywa na mchezo imefanywa na ule mkanda mwekundu unaoonekana kutoka mlangoni.

Visanduku vyenyewe mwanzoni nilivinakili kutoka kwenye kadi za maktaba za Marekani nilizozikuta mtandaoni. Kosa kubwa. Kimoja kilikuwa cha hadithi za sayansi ya kubuni, na sisi kwa Kiswahili tulikuwa na vitabu viwili vya aina hiyo, kimoja kimenyofoka kurasa za mwisho. Siku hizi nafanya hesabu kabla sijachora. Kwetu kitabu kinaazimwa wiki mbili. Miezi mitatu ni wiki kumi na mbili, yaani nakala moja inaweza kuhudumia watu sita, wakirudisha kwa wakati. Nani anarudisha kwa wakati mji huu? Nahesabu wanne. Nikitarajia washiriki thelathini, kisanduku chochote kinahitaji nakala nane, na kisipozifikia hakiingii kwenye kadi, hata kikiwa kizuri namna gani. Tamthilia nimezipa wiki moja kwa sababu ni nyembamba, na hapo ndipo nilipoponea.

Kilichobaki baada ya hesabu hiyo kilinifurahisha, maana kinafanana na sisi: ngano na hadithi za mdomoni zilizokusanywa vitabuni, wasifu wa watu, tafsiri, kitabu cha kazi ya mikono au kilimo au afya, kitabu ulichochaguliwa na mtu asiyekufahamu vizuri. Hicho cha mwisho ndicho kinacholeta vicheko kuliko vyote. Wawili walio kwenye foleni ya kaunta wanatazamana, kila mmoja anaenda kumletea mwenzake kitabu. Dada wa saluni aliletewa ufugaji wa kuku. Alikisoma. Kuku hajafuga, lakini sasa anabishana na muuza mayai.

Swali linalorudi kila msimu ni kama kitabu kimoja kinaweza kujaza visanduku viwili. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare mara mbili, ile ya Kaizari mwaka 1963 na ya mabepari wa Venisi mwaka 1969, na kila moja ni tamthilia na ni tafsiri. Wanafunzi wajanja waligundua hilo wiki ya kwanza. Jibu langu ni hapana, chagua kimoja. Wananiita mbahili.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Msimu wa kwanza niliahidi zawadi: begi la shule na madaftari kwa wa kwanza kumaliza. Kijana wa kidato cha pili akaleta kadi imejaa ndani ya siku kumi na moja. Nikamuuliza, kwa nia njema tu, ile tamthilia ilimhusu nani. Akageuza kitabu, akasoma jalada la nyuma, akanijibu. Hakuwa mwongo yule mtoto. Nilimwambia begi liko mwisho wa mbio, akakimbia.

Mambo haya yamechunguzwa zamani. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake wawili walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wadogo wa chekechea huko Stanford, Marekani, watoto ambao tayari walipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti likichora, jingine lilipewa cheti kwa kushtukizwa baada ya kuchora, la tatu halikupewa kitu. Baadaye, walipoachwa wacheze watakavyo, wale walioahidiwa ndio waliogusa kalamu kidogo kuliko wengine. Wale wa kushtukizwa hawakupungukiwa. Sitaki kulivuta jaribio moja mpaka likatike, watu wazima si watoto wa chekechea, lakini lilinifundisha mahali pa kuweka begi. Sasa hatuahidi kitu. Ukimaliza unaambiwa hapohapo kwamba bajeti ya vitabu ikija, kimoja unachagua wewe, na ndani tutaandika kuwa kimechaguliwa na msomaji.

Badala ya mbio tuna karatasi. Kila kitabu cha mchezo kina kijikaratasi kilichobandikwa ndani ya jalada, na ukirudisha unaandika sentensi moja kwa atakayefuata. Moja tu, wala sikagui. Kwenye diwani moja ya mashairi mtu ameandika: "Usisome kwenye mwendokasi, utapitiliza kituo." Chini yake, mwandiko mwingine: "Nimepitiliza." Kwenye kitabu cha afya: "Ukurasa wa 40 mwonyeshe mume wako."

Na kuacha kunaruhusiwa. Kurasa ishirini, ukiona hakiingii, rudisha, nakuwekea mstari wa mshazari kwenye kisanduku na unachukua kingine cha aina ileile. Mtu aliyeshindwa na riwaya moja ya kihistoria hajashindwa na historia.

Ushairi ndio unaoachwa zaidi, na nadhani lawama ni ya darasani, ambako ushairi ni kuhesabu vina kwa ajili ya alama. Kwa hiyo nashangaa bado kwa yule mzee. Mstaafu wa bandarini, msomaji wa siasa na historia, kadi aliichukua kunifurahisha.

"Shikamoo, mzee. Leo cha kijani."

"Marahaba, mwanangu. Nipe chembamba."

Siku ya tatu alikuwa anasoma kwa sauti, wanafunzi wanamtazama, ikabidi nimtoe nimweke barazani. Wiki iliyofuata akaja kaunta na kitabu kimefunguliwa, uso wa mtu aliyepunjwa dukani. Akanionyesha mstari. Akauhesabu kwa vidole juu ya meza: kipande cha kwanza mizani, yaani silabi, nane, kipande cha pili tisa. Mishororo mingine yote ilikuwa na nane kwa nane.

"Hapa pameharibiwa," akasema.

Tukauhesabu pamoja mara mbili. Neno lilikuwa "amewasili". Mshairi bila shaka aliandika "mewasili", kama watunzi wanavyofupisha, halafu mpiga chapa akadhani ni kosa akamrudishia herufi yake. Mzee akachomoa kalamu ya risasi mfukoni, akaikata ile a kwa mstari mwembamba, akanipa kitabu nipige mhuri.

Kuandika ndani ya kitabu cha maktaba ni faini. Kifutio ninacho kwenye droo. Kitabu kimeshaazimwa mara mbili tangu hapo, na ile a bado imekatwa.