Kifurushi kikubwa hakifikishi waifai chumba cha uani

Imani hii ipo siku nyingi hapa Unguja, kwamba waifai ikiwa dhaifu chumba cha uani basi dawa yake ni kulipia kifurushi cha spidi kubwa zaidi. Inaeleweka kabisa, mana kule video inakwamakwama na mtu anaona intaneti ndo ndogo.

Ila spidi unayolipia ni ile inayoingia kwenye ruta, yaani kile kifaa kinachotoa waifai, kutoka pale mpaka kwenye simu yako ni mawimbi ya redio tu na kila ukuta unayapunguza nguvu. Na kuta za Mji Mkongwe jamani, mawe ya matumbawe na chokaa, nene mpaka dirishani mtu anakaa, ruta nyingi zina mawimbi ya aina mbili, hapo ya 5 GHz yanachoka haraka, yale ya 2.4 GHz yanapenya vizuri zaidi ingawa spidi yake ndogo na yanaingiliana na ya majirani.

Jipimie mwenyewe: simama karibu na ruta upime spidi kwa simu, kisha nenda uani upime tena, rudia mara mbili tatu. Karibu na ruta spidi iko sawa, uani imeanguka? Kifurushi hakina kosa. Karibu nako ndogo, hapo ndo uongee na wanaokuuzia.

Mimi ningeanza kuitoa ruta nyuma ya tivi, niipandishe juu katikati ya nyumba. Ikishindikana vuta waya mpaka uani uweke ruta ya pili, na ukinunua ripita usiichomeke chumba chenye shida, iweke njiani ambapo waifai bado ina nguvu, mana inarudia kile inachopokea tu.