Paneli ya sola inataka mwanga, si joto

Ule ujumbe wa "bandika paneli juu ya bati kabisa, joto la bati liongeze umeme" umerudi tena kwenye magrupu ya Mtwara. Si kweli. Umeme unatokana na mwanga, joto linaupunguza. Soma lebo ya nyuma ya paneli au karatasi ya maelezo yake: imepimwa kwa nyuzi joto 25, na penye nguvu na joto utaona alama ya kutoa, yaani nguvu inapungua, mara nyingi asilimia 0.3 au 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi hapo. Na bati la saa saba mchana, nani asiyelijua? Acha upenyo upepo upite kati ya paneli na bati.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka, maana jua huleta vyote viwili, na zipo sola za kuchemshia maji ambazo kweli zinataka joto. Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze.