Mnyororo wa utunzaji wa kielelezo ni nini?

Wengi wanaoanza kusoma sayansi ya uchunguzi wa jinai huwaza hadubini, vinasaba na alama za vidole. Hayo yote yamo. Ila ipo dhana isiyohitaji mashine yoyote, na pasipo hiyo majibu ya maabara hayana pa kusimama mahakamani: mnyororo wa utunzaji wa kielelezo.

Ni kumbukumbu inayoonyesha, kwa mfuatano wa tarehe na saa, kielelezo, yaani kitu kinachotolewa kama ushahidi, kilipita mikononi mwa nani tangu kukamatwa hadi kupokelewa mahakamani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililifafanua jambo hili katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, na hukumu hiyo imenukuliwa mara nyingi tangu hapo.

Chukua kete za unga unaodhaniwa kuwa heroini. Askari anapekua na kujaza hati ya ukamataji, mtuhumiwa na shahidi huru wanasaini. Unga unatiwa kwenye bahasha, bahasha inapigwa lakiri (muhuri wa kuifunga), na saini zinakatiza pale ilipofungiwa ili ikifunguliwa ijulikane. Mtunza vielelezo kituoni anaiingiza kwenye rejesta na kuipa namba. Siku ya kuipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, anayeichukua anasaini. Anayeipokea maabara anakagua kwanza kama lakiri ni nzima, ndipo naye asaini. Uchunguzi ukiisha inafungwa upya na kurudi kwa utaratibu uleule.

Sasa tuseme bahasha ilitoka kituoni Jumatatu, maabara ikaipokea Alhamisi, na hakuna anayeeleza ililala wapi. Kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa, ni heroini kweli, lakini nani atathibitisha kwamba ndiyo ileile iliyotoka mfukoni mwa mshitakiwa? Kesi nzito huangukia hapo, na kwa maoni yangu ni haki zianguke, kwa sababu pengo la namna hiyo ndilo linalomwezesha mtu kubambikiwa kesi.

Hata hivyo, mahakama haivipimi vielelezo vyote kwa ukali mmoja. Unga na fedha hubadilishwa kirahisi. Meno ya tembo si rahisi, na kwa vitu vya aina hiyo Mahakama ya Rufani imelegeza sharti. Ushahidi wa mdomo wa waliokishika kielelezo nao, ukiaminika, unaweza kuziba pengo la karatasi.

Utunzaji wenyewe una elimu yake. Nguo yenye damu mbichi hukaushwa kwanza, kisha ikawekwa kwenye mfuko wa karatasi; plastiki hushika unyevu, ukungu ukaota na vinasaba vikaharibika.

Anayejiandaa kwa kazi hii aanze mazoezi maabara ya chuo: kila sampuli anayoigusa iwe na lebo yenye namba, mahali ilipotoka, tarehe, saa na jina lake, kwa kuwa yeye ndiye atakayeitwa kizimbani kuieleza, pengine miaka kadhaa baadaye.