Je, wajua kwa nini Labrador, mbwa wa maji ya barafu, hupoteza watoto kwa baridi ya Mbeya?

Mtazame Labrador mzima alfajiri ya Julai pale Uyole, Mbeya. Watu wamevaa masweta mawili mawili, yeye anajitosa mferejini, anatoka, anajikung'uta na kuendelea na safari. Ndiyo asili yake. Mababu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada, wakivuta nyavu na kuokota samaki kwenye bahari yenye baridi kali. Waingereza waliwachukua karne ya 19 wakawafanya mbwa wa kuokota ndege waliopigwa risasi, na mwaka 1903 uzao huo ukatambuliwa rasmi Uingereza. Manyoya yake ni ya tabaka mbili: ya juu magumu yasiyoshika maji, ya chini laini na mazito.

Sasa jike huyohuyo anazaa watoto wanane mwezi wa sita. Jioni wote wazima, asubuhi watatu wamekufa, na mama yupo, maziwa tele. Kwa nini?

Kwa sababu mtoto hazaliwi na koti la mama yake, na hajui kutetemeka. Kutetemeka ni misuli kufanya kazi ili mwili upate joto, na mtoto wa mbwa hawezi kufanya hivyo katika siku sita hivi za mwanzo. Mama ana nyuzi joto 38 hadi 39, yeye ana 35 hadi 37 tu, na hizo anaazima kwa mama, kwa ndugu zake na kwa chumba alimolala. Usiku wa Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Akibingirika kutoka kwenye kundi na kuangukia sakafu ya saruji, hana muda mrefu.

Watu wengi hawajui kwamba baridi humuua kupitia tumboni. Mwili ukishuka hadi nyuzi 34 hivi, anapoteza nguvu ya kunyonya, na utumbo unasimama. Mama akimgusa na kumkuta wa baridi, mara nyingi humsukuma pembeni, nasi tunamlaumu kuwa ni mama mbaya. Kisha mwenye mbwa, kwa huruma, anachukua bomba la sindano na kumpa maziwa. Yale maziwa hayasagwi. Yanachachia tumboni au yanaingia kwenye mapafu. Mpashe joto kwanza, taratibu, ndani ya sweta lako kifuani, hata kwa saa nzima au mbili. Akishachangamka na kuanza kutafuta chuchu, ndipo anyonye. Na siku ya kwanza asikose dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, maana kinga iliyomo humo utumbo wake huipokea kwa saa 24 hivi tu.

Aliyewahi kulea vifaranga kwenye bruda, yaani kizimba chenye taa ya joto, anajua nusu ya kazi hii. Wiki ya kwanza pembe moja ya sanduku wanamolala, chini ya taa ya joto, iwe na nyuzi 29 hadi 32, pembe nyingine iwe na ubaridi kidogo ili mama asihemewe. Kwa Iringa na Mafinga maranda ni mengi: tandika tabaka nene chini ya sanduku kuzuia baridi ya sakafu, na ndani weka blanketi, kwa kuwa vumbi la maranda huingia puani mwa wachanga. Wakirundikana wakilia, wana baridi. Wakitawanyika wakihema, punguza taa. Umeme ukikatika, kidumu cha maji ya moto kilichozungushiwa kanga kinatosha kuvusha saa kadhaa. Ila jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hapana kabisa! Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watoto, mama, na wewe uliyelala hapo kuwalinda.

Lakini mimi naona kazi kubwa ni ya kalenda. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Jike akipandwa mwanzoni mwa Aprili, anazaa Juni, baridi inapoanza kukaza. Akipata joto, yaani akitaka dume, mwezi huo wa Aprili, mwache apite. Kwa wengi joto hurudi baada ya miezi sita au saba, na akipandwa Oktoba atazaa Desemba, kwenye mvua lakini si kwenye baridi ile. Kusubiri huko kunakupa pia muda wa kumpeleka kwa daktari wa mifugo apigwe picha ya nyonga, kwani ubovu wa nyonga hurithiwa, na mbwa wa ukoo wa kazi asiyeweza kukimbia atateseka maisha yake yote. Chini ya miaka miwili sipandishi jike, hata mteja awe na haraka kiasi gani.

Wiki ya tatu macho yako wazi, masikio yanasikia, manyoya yanajaa. Wiki ya nne joto lao linakaribia la mama. Hapo ndipo wanapoanza kuzoea dunia: mlio wa bodaboda, watoto wa jirani, mashine ya kusaga. Wakifika wiki ya sita, saa saba mchana jua likiwaka, weka karai lenye maji ya vidole viwili uani. Wa kwanza atanusa na kurudi nyuma. Wa pili ataingia miguu yote minne, na hatataka kutoka.