Riba ya asilimia 8 inayozaa nusu: maana ya akaunti ya kuweka kila mwezi

Shangazi yangu anauza maharage na mahindi soko la Mbuyuni, Moshi. Alifungua akaunti ya malengo, ile ambayo unaahidi kuweka kiasi kilekile kila mwezi na huigusi mpaka mwaka uishe. Bango la benki lilisema riba ni asilimia 8 kwa mwaka. Akapeleka laki moja kila mwezi, hata Machi ambayo biashara ilikuwa imelala. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mwisho wa mwaka nina milioni moja na laki mbili, asilimia 8 yake ni 96,000. Siku ya kuchukua akakuta faida ni 46,800.

"Mwanangu," akanipigia simu, "hawa watu wamenila nusu."

Hawakumla. Ila bango halikumwambia kitu ambacho ndicho moyo wa akaunti za aina hii.

Riba ya asilimia 8 kwa mwaka ni malipo ya shilingi iliyolala benki mwaka mzima. Laki ya kwanza ya shangazi ililala miezi 12, ikazaa 8,000 kamili. Laki ya pili ililala miezi 11. Ya tatu 10. Ya mwisho iliingia mwaka ukiwa unamalizika, ikakaa mwezi mmoja na kuzaa kama shilingi 667 tu. Ukijumlisha miezi yote ambayo laki hizo zimekaa (12 na 11 na 10 mpaka 1) unapata 78. Kila laki huzaa shilingi 667 hivi kwa mwezi, kwa hiyo mara 78 ni 52,000. Hapo serikali huchukua kodi ya zuio, asilimia 10 ya riba, yaani 5,200. Zinabaki 46,800. Kila shilingi imeonekana.

Kwa hiyo akaunti ya kuweka kila mwezi inayotangaza asilimia 8 itakupa takriban asilimia 4 na kidogo ya jumla ya ulichoweka. Njia ya haraka ya kukadiria: piga asilimia ya bango kwa jumla yote, gawa kwa mbili, ongeza kidogo. Huo si utapeli, kwa sababu kwa wastani nusu ya hela ilikuwa bado mfukoni mwako. Hata Uingereza, ambako akaunti hizi ni maarufu sana, watu hushtuka vilevile. Benki ya First Direct ilitangaza mwaka 2023 riba ya asilimia 7 kwa anayeweka hadi pauni 300 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Pauni 3,600 zote zikishaingia, riba inakuwa pauni 136.50, wakati msomaji wa bango anategemea 252.

Sasa kulinganisha. Wengi wetu tunapanga benki kwa asilimia kama timu kwenye msimamo wa ligi: hii 8, ile 6, ile 3, tunachukua ya juu. Hapo ndipo tunapokosea, kwa sababu asilimia mbili haziwezi kulinganishwa kama hela hazikai muda sawa.

Chukua mwalimu wa Arusha anayebakiza laki moja kila mshahara. Akiiacha kwenye akaunti ya kawaida ya akiba ya asilimia 3, baada ya mwaka anapata riba ya 19,500 kabla ya kodi. Akiipeleka kwenye ile ya malengo ya asilimia 8, anapata 52,000. Hakuna mjadala, aende na ya malengo. (Katika takwimu za Benki Kuu za miaka ya karibuni, wastani wa akaunti za kawaida za akiba umekuwa ukizunguka hapohapo kwenye 3. Na mfumuko wa bei nao uko karibu na 3, kwa hiyo ukishatoa kodi na makato ya mwezi, hela yako haikui, inajitahidi tu isikonde.)

Lakini chukua mkulima wa Kibosho aliyeuza kahawa na ana milioni moja na laki mbili mkononi leo. Anaona 8 ni kubwa, kwa hiyo anaiweka yote kwenye akaunti ya kawaida ya asilimia 3, halafu kila mwezi anahamisha laki kwenda kwenye ya malengo. Ya malengo itampa 52,000, zile zilizokuwa zikisubiri zamu zitampa 16,500. Jumla 68,500. Jirani yake ana kiasi hichohicho lakini ameweka yote siku moja kwenye amana ya muda maalumu, ile unayoweka mara moja na kuiacha mpaka muda uishe, ya asilimia 6, anapata 72,000. Asilimia ndogo imeishinda kubwa, tena bila safari 12 za kuhamisha hela. Amana hiyo mtaani huitwa fiksi, neno ambalo vijana wamelipa maana ya uongo, lakini hapa halina ubaya wowote.

Kwa maoni yangu, akaunti ya kila mwezi ni ya mtu ambaye hela yake huja kila mwezi. Ukimlazimisha mkulima wa msimu aifuate, atakosa mwezi wa tano, na kukosa kuna bei yake.

Bei hiyo iko kwenye masharti, na masharti hutofautiana sana. Kuna akaunti ambazo ukikosa mwezi mmoja au ukitoa hela katikati, unashushwa mpaka riba ya akaunti ya kawaida, au unapoteza riba yote. Kuna zinazokokotoa riba kwa salio la kila siku, na nyingine kwa salio dogo kuliko yote ndani ya mwezi. Hiyo ya pili ni kali: laki yako ikiingia tarehe 5, mwezi huo haijazaa kitu. Uliza pia makato ya uendeshaji. Akaunti inayokata 1,000 kila mwezi imekula 12,000 kati ya 46,800 za shangazi, na hapo asilimia 8 imebaki jina.

Mtu wa Moshi hawezi kusoma haya bila kuuliza kuhusu VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana. Mgao wa Desemba wa kikundi mara nyingi huishinda benki kwa mbali, ni kweli, maana faida inatokana na riba wanayolipa wanachama wenzako wanapokopa. Ila mkopaji akihama mji, hasara ni yenu. Amana ya benki inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana mpaka shilingi 7,500,000 kwa mteja katika kila benki, na kinga hiyo haifiki kwenye sanduku la kikundi. Anayekwepa riba kwa ajili ya dini ana benki za Kiislamu, au madirisha ya Kiislamu ndani ya benki za kawaida, ambako hupewa mgawo wa faida. Hesabu ya muda wa kulala hela ni ileile.

Shangazi amefungua akaunti tena, maana ada ya Januari haijali nani alikula nusu. Safari hii hakuangalia bango. Alimwinamia kijana wa kaunta akamwambia: "Baba, nikikuletea laki kila mwezi bila kukosa, mwisho wa mwaka nitashika shilingi ngapi mkononi, kodi na makato yenu yote yakiwa yametoka?"

Kijana alifikiri kidogo, akatoa simu yake, akaanza kupiga hesabu.