Spika za kisogoni: maana ya sauti iliyopimwa kwa sikio lako

Ammi yangu alinunua gari la mtumba, limeshushwa Kilindini kutoka Japani, na jioni ya kwanza akatupakia tukapunge upepo. Yeye kwenye usukani, mamangu kando yake, mimi kiti cha nyuma. Akawasha. Mwanamke akaanza kusema Kijapani. Ammi akageuka kunitazama: "Wasemaje?" Mimi sikuwa nimefungua kinywa. Mamangu alikuwa amesikia mnong'ono tu, kama redio ya jirani. Ammi akapapasa nyuma ya kichwa chake, akakuta kwenye hedresti, kulia na kushoto, vitundu vidogo vidogo kama vya chujio la chai. Mwanamke alikuwa humo. Siku kadhaa baadaye tuliambiwa alichokuwa akidai: kadi ya kulipia barabara za Japani haijachomekwa.

Tangu siku ile Ammi anakiita kifaa hicho mzimu. Watengenezaji wana jina refu ambalo kwa Kiswahili ningelifungua hivi: sauti yenye mahali, iliyopimwa kwa mtu mmoja, ikitoka kwenye spika zilizo ndani ya kiegemeo cha kichwa. Hayo ni mambo matatu, na wauzaji huyafunga kitita kimoja kana kwamba ukipata moja umeyapata yote. Sivyo.

Anza na mahali. Simama popote Mji wa Kale, Mombasa, wakati wa magharibi, ufumbe macho. Msikiti mmoja unaadhini, wa pili unadakia, wa tatu unachelewa kidogo. Bila kufumbua macho unaweza kunyoosha kidole: ule kule, huu hapa, ule mwingine nyuma yangu. Sauti zenyewe zimegonga kuta za matumbawe kwenye vichochoro na kurudi mara kadhaa, lakini ubongo huamini ile iliyofika kwanza na kuzichukulia zilizofuata kuwa mwangwi wake. Kipaza sauti hakikutumii habari ya wapi kilipo. Kinatikisa hewa tu. Mahali umeyatengeneza wewe, kichwani mwako.

Unayatengeneza kwa vipimo gani? Kwanza kwa wakati. Katika joto letu sauti huenda mita 350 hivi kwa sekunde. Ikitoka kulia kabisa hulifikia sikio la kulia, kisha la kushoto baada ya kama sehemu 7 za sekunde iliyogawanywa elfu kumi. Ni kitambo ambacho hata kope haijaanza kushuka, na bado ubongo unakisoma bila shida. Pili kwa nguvu: kichwa hulitilia kivuli sikio la upande wa pili. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alieleza mwaka 1907 kwamba vipimo hivi viwili vimegawana kazi. Sauti nzito tunazipata kwa tofauti ya wakati, sauti nyembamba kwa kivuli cha kichwa.

Lakini hapo pana tatizo. Muadhini aliye mbele yako na muadhini aliye nyuma yako sawasawa wote wanafika masikio mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu moja. Mbona huwachanganyi? Hapa ndipo sikio la nje linapofanya kazi, lile tunalodhani tumepewa la kutundikia miwani. Mikunjo na mabonde yake huzikata baadhi ya sauti nyembamba na kuzikuza nyingine, na kila upande una mkato wake. Ya mbele ina alama yake, ya nyuma yake, ya juu yake. Ubongo umejifunza alama hizo tangu utotoni, kwa masikio yako wewe, na masikio ya nduguyo hayana mikunjo hiyo hiyo.

Jaribio ninalolipenda zaidi lilichapishwa mwaka 1998 na Paul Hofman na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi. Waliwatia watu wanne vibandiko ndani ya mikunjo ya masikio, wakawaacha waishi navyo. Mara moja wakapotewa na juu na chini, ingawa kulia na kushoto walibaki navyo. Wiki zikapita, ubongo ukazizoea alama mpya, wakasikia vizuri tena. Lililo tamu ni kwamba vibandiko vilipotolewa, masikio ya zamani yalifanya kazi papo hapo. Ni kama mtu wa Lamu aliyehamia Mombasa: Kimvita amejifunza, na Kiamu hakikumtoka.

Sasa, ikiwa mahali ni alama tu, alama zaweza kubandikwa. Ndiyo sauti yenye mahali. Unachukua sauti tupu ya mwimbaji, unaikata kwa mikato ile ile ambayo sikio lingeikata kama mwimbaji angekuwa mbele kushoto, unaichelewesha kwenye sikio moja kwa kiasi kinachostahili, ukimletea msikilizaji anamsikia mwimbaji mbele kushoto. Hii haifanani na stirio ya kawaida, ambayo Alan Blumlein aliiandikia hataza Uingereza mwaka 1931. Stirio hutandaza sauti kwenye mstari kati ya spika mbili, basi. Na zile nyimbo zinazosambazwa kwa jina la "sauti 8D", nyingi ni stirio hiyo hiyo iliyozungushwa kulia na kushoto na kutiwa mwangwi. Mahali hamna, kuna kizunguzungu.

Mikato inapatikanaje? Mtu anakaa kwenye chumba kisicho na mwangwi, anatiwa maikrofoni ndogo kwenye matundu ya masikio, sauti inapigwa kutoka pande mamia, na kila upande unaandikiwa hesabu yake. Chuo cha MIT kule Marekani kilifanya hivyo mwaka 1994 kwa sanamu ya kichwa na kiwiliwili, kutoka sehemu 710, kikayatoa matokeo bure. Vifaa vingi vimetumia masikio ya sanamu hiyo, au ya watu wachache waliopimwa maabara, kumwakilisha kila mtu.

Hiyo ni kofia ya dukani. Itakaa kichwani, pengine vizuri, pengine itakubana au itakushukia hadi kwenye nyusi. Kofia ya vito ya kushonesha huanza na kamba ya kupimia, na hilo ndilo neno "iliyopimwa" linapoingia. Siku hizi hawakupeleki maabara. Sony walianza mwaka 2019 kuomba picha za masikio kwa ajili ya nyimbo zao za pande zote, na Apple wakaongeza mwaka 2022, kwenye iOS 16, mfumo wa simu zao, njia ya kulipiga sikio kwa kamera ya mbele ya simu. Kompyuta inatazama umbo na kukisia mikato. Ni fundi cherehani anayekukadiria kwa jicho ukiwa mlangoni: kama ni mzoefu, kanzu itakukaa, ila bado hajakupima. Na kwetu hapa kuna swali ambalo sidhani kama wengi wa wabunifu hao wanalikuta nyumbani kwao. Mwanamke anayeendesha gari na mtandio umemkaza masikio, sikio lake limelala, umbo lake barabarani si lile aliloipa kamera chumbani. Yeye mwenyewe hapotei, maana ubongo wake unajua masikio yote mawili, la wazi na la mtandioni. Mashine inajua moja.

Mpaka hapo tungeweza kutumia hedifoni na mambo yakaisha. Hedifoni zinapeleka ya kulia kulia na ya kushoto kushoto, hakuna kuchanganyika. Lakini dereva aliyeziba masikio Digo Road, penye tuktuk zinazojitokeza kila upenyo, mimi sipandi gari lake. Kwa hiyo lazima spika, na spika zina aibu yake: sikio la kulia husikia spika zote mbili, na la kushoto vilevile. Alama zote ulizobandika kwa uangalifu zinavujiana na kuharibika.

Dawa ya uvujaji huo ina miaka sitini na zaidi. Bishnu Atal na Manfred Schroeder wa maabara ya Bell Labs, Marekani, waliifanyia kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazo lenyewe mvuvi angelielewa: wimbi likikutana na wimbi la kinyume chake, maji hutulia. Unajua kiasi gani cha spika ya kulia kitavuja hadi sikio la kushoto, basi spika ya kushoto unaipa nakala iliyopinduliwa ya kiasi hicho, vikutane sikioni vifutane. Mwenzao wa karibu zaidi na wakati wetu, Edgar Choueiri wa Chuo Kikuu cha Princeton, ambaye kazi yake nyingine ni injini za roketi, ameinoa njia hiyo isiharibu rangi ya muziki.

Inafanya kazi vizuri sana, mradi usitikisike. Sauti ya hezi 5,000, yaani mitikisiko 5,000 kwa sekunde, ina wimbi la sentimita 7 tu. Ukisogeza kichwa sentimita tatu nne, nakala ya kufuta inakuja na kuongeza badala ya kufuta. Sebuleni, ambako mtu anajilaza, anainuka kuchukua kashata, anamgeukia mtoto, hila yote huvunjika kila dakika.

Kiti cha gari kimemshika mtu. Kichwa kiko pale pale, mkanda umefungwa, macho mbele. Spika ya kulia iko karibu kiasi cha shubiri na sikio la kulia, huku sikio la kushoto liko mbali zaidi na kivulini mwa kichwa, kwa hiyo uvujaji umeshapungua kabla ya hesabu yoyote. Na sauti inafika moja kwa moja, kabla ya kugonga kioo na kurudi, nasi tumeshaona kule Mji wa Kale kwamba ubongo humwamini aliyetangulia. Hedresti imefanya nusu ya kazi bila kompyuta.

Ukaribu huo ndio uliomfanya mamangu asikie mnong'ono. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili sauti hupungua desibeli 6, desibeli ikiwa ndiyo kipimo cha nguvu ya sauti. Kutoka sentimita 10 za sikio la Ammi hadi sentimita 80 za mamangu umbali umejizidisha maradufu mara tatu, yaani desibeli 18. Ndani ya gari vioo hurudisha kiasi, lakini tofauti inabaki kubwa: mmoja anasikiliza ramani, mwenzake anasinzia. Isipokuwa besi. Spika ndogo kama hizi hazina pumzi ya kutoa sauti nzito, huachiwa spika za milangoni na buti, na besi haijui mpaka: hezi 100 ina wimbi la mita tatu na nusu. Wenye matatu wetu wanalijua hilo kuliko mhandisi yeyote. Wao hawashughuliki na masikio, wanakusikilizisha kwa mbavu.

Kuna jambo gumu nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililomtisha Ammi. Spika ziko nyuma, kwa hiyo sikio linazitia alama ya nyuma. Mwanamke wa Kijapani alikaa kisogoni kwa sababu hakuna aliyejaribu kumtoa. Kumvuta aje mbele, juu ya dashibodi, mfumo unapaswa kuifuta alama ya nyuma ya sikio lako na kubandika ya mbele, na mbele na nyuma ndipo masikio ya sanamu yanaposhindwa zaidi kuwakilisha watu. Ndiyo maana kupimwa kuna maana kubwa kwenye hedresti kuliko karibu popote pengine. Hata hivyo ukigeuza kichwa kushoto, sauti ya kweli iliyo mbele hulisogelea sikio la kulia, na iliyo nyuma hulisogelea la kushoto. Ubongo hutumia ujanja huo kuhakiki. Mfumo usiofuata kichwa unaumbuka hapo. Baadhi ya magari mapya yana kamera ya kumchunga dereva asisinzie, na kamera hiyo hiyo yaweza kuuambia mfumo kichwa kiko wapi.

Basi ukiwa yadi na muuzaji akakugongea hedresti, "boss, hii ni ile ya kisasa," tofautisha. Mazda MX-5, gari la wazi, lilipatikana na spika za hedresti tangu toleo lake la kwanza, ili dereva asikie muziki upepo ukivuma; mahali wala kipimo hazikuwamo. Nissan Micra ya 2017 iliyouzwa Ulaya ilikuja na mfumo wa kampuni ya spika ya Bose wenye spika mbili kwenye hedresti ya dereva na uwezo wa kuitanua sauti imzunguke. Hapo pana mahali, ila kwa kofia ya dukani. Iliyopimwa utaijua kwa swali moja: imewahi kuyatazama masikio yako? Kama haijakuomba picha wala kukupigia sauti za majaribio, haikujui. Na kabla ya yote hayo angalia redio yenyewe, maana nyingi za Japani huishia FM 90 au 95, na stesheni zako nyingi ziko juu ya hapo.

Ammi hakuuliza lolote. Alilipeleka gari kwa fundi wa viti, likavishwa kava za ngozi bandia kuanzia makalio hadi hedresti, nyekundu na nyeusi, vitundu vyote vikafunikwa. Kava nzito humeza sauti nyembamba kwanza, zile zile zinazobeba mbele na nyuma. Mwanamke bado anadai kadi yake kila asubuhi, ila sasa anaongea kama mtu aliyejifunika blanketi, na Ammi hageuki tena.